Foto za usiku wa DJ: nani anachunga kumbukumbu ya hip hop?

Kila mwezi wa nane telefone yangu inajaa foto zile zile. Kijana wa New York mwenye kofia, redio kubwa begani. Watoto wanaocheza juu ya karatoni barabarani. DJ ameinama juu ya platini mbili, kaske kwenye sikio moja. Vijana wa makundi yetu ya WhatsApp wanazituma juu ya tarehe 11, siku inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa ya hip hop, na chini yake wanaandika maneno ya heshima kwa wazee wa mwanzo. Hakuna anayeuliza nani alipiga hizo foto. Nani alizichunga miaka yote hiyo? Na zetu sisi ziko wapi?

Maswali hayo yalinikamata kisha kazi moja kuniharibikia. Ilikuwa Goma, mbele ya mwaka 2025, ndani ya sale ndogo ya kartie, siku ya posho usiku. DJ mmoja kijana alitangaza kwamba usiku ule hatapiga nyimbo za sasa, atapiga mizizi tu: James Brown, funk ya miaka ya 70, rap ya kwanza ya New York, na katikati kidogo ya Franco na Tabu Ley kusudi wazee waliokaa karibu na mlango nao wasikie wako nyumbani. Alikuwa na platini mbili za kweli na diski kama makumi mawili, zile santuri kubwa nyeusi ambazo wengi wetu tulizionaka kwa babu tu. Mimi nilikuwa nimeazima kamera kwa ajili ya ukurasa huu. Nilipiga foto 412. Zilizofaa zilikuwa tisa.

Kosa langu nilikuja kulielewa nyuma. Nilipiga DJ sawa vile ninapiga mwimbaji. Mwimbaji anatuangalia, anafungua kinywa, anainua mkono, na foto inajitengeneza yenyewe. DJ anaangalia chini. Meza inamficha hadi kifuani. Kazi yake yote iko ndani ya vidole na masikio. Nilirudi nyumbani na foto mia nne za kijana anayeangalia meza, ungesema amepoteza funguo za nyumba.

Usiku ambao wote wanausimulia

Turudi Bronx, sababu ndiko mambo yalianzia. Tarehe 11 mwezi wa nane mwaka 1973, msichana mmoja anaitwa Cindy Campbell alitengeneza fete ndani ya sale ya chini ya jengo lao, kwenye namba 1520 Sedgwick Avenue. Alitaka pesa ya kununua nguo mpya za kuanza masomo. Wasichana walilipa senti 25 kwenye mlango, wavulana senti 50. Muziki aliuachia kaka yake Clive, aliyezaliwa Kingston, Jamaica, na kuingia New York mwaka 1967. Watu wanamjua kwa jina la DJ Kool Herc.

Herc alikuwa ameona jambo moja: wachezaji wanangojea kipande kidogo cha wimbo, pale sauti ya mwimbaji inanyamaza na kubaki ngoma peke yake. Kipande hicho kinapita haraka, sekunde chache tu. Basi yeye alianza kutumia diski mbili za wimbo mmoja kwenye platini mbili. Hii ikimaliza kipande cha ngoma, anaingiza ile nyingine, anarudisha ya kwanza nyuma, na ngoma inaendelea sawa mto. Nyuma yake Grandmaster Flash akaleta utaratibu: kuweka alama kwenye diski kwa kalamu ya nta kusudi ajue kipande kinaanzia wapi, na kusikiliza diski ya pili kwenye kaske mbele ya watu kuisikia. Grand Wizzard Theodore, akiwa bado mtoto, ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza wa skrachi. Hivyo mbele ya rap kuingia kwenye diski, mbele ya Sugarhill Gang mwaka 1979, kazi ilikuwa ya DJ. Anayesema hip hop ni maneno tu hajui baba wa nyumba.

Na Bronx ile haikuwa mahali pa raha. Barabara kubwa ya magari ilikuwa imepasua kartie katikati, familia nyingi zilihamishwa, majengo yalikuwa yanaungua mwaka nyuma ya mwaka. Makundi ya vijana yaliuana. Mwezi wa kumi na mbili 1971, kisha mtu wa amani wa kundi la Ghetto Brothers, Black Benjie, kuuawa wakati alienda kutuliza ugomvi, makundi yalikaa pamoja ndani ya sale moja na kukubali kuacha vita. Hapa kwetu, ambapo tumezoea kuhesabu mikutano ya amani, tunaelewa haraka maana yake: miaka miwili kisha pale, kijana wa Sedgwick Avenue aliweza kuita watu kutoka mitaa mbalimbali wacheze pamoja.

Lakini angalia vizuri foto zinazotembea kwenye telefone yako. Karibu zote ni za mwisho wa miaka ya 70 na za miaka ya 80. Usiku wa 1973 tunausikia kwa midomo ya waliokuwako. Watoto wa Bronx hawakuja na kamera, filme ilikuwa pesa, na hakuna gazeti lililoona sababu ya kutuma mtu kwenye fete ya msichana wa masomo. Hivyo ndivyo mwanzo wa mambo makubwa unapotea: siku yenyewe, kila mtu anaona ni posho sawa posho nyingine.

Mtoto wa kartie na mwandishi wa gazeti

Aliyeziba tundu hilo kwa sehemu kubwa ni kijana wa palepale. Joe Conzo alikuwa mwanafunzi wa sekondari South Bronx, akipenda foto, na rafiki zake wa masomo walikuwa ndani ya kundi la Cold Crush Brothers. Walimwita aje kwenye fete zao, akaja na kamera. Ukiangalia foto zake unaona kitu ambacho mgeni hawezi kupata: hakuna anayejitengeneza mbele ya lenzi. DJ anafanya kazi yake, msichana anacheka na mwenzake, nyaya zimelala chini, ukuta umechubuka. Wamemzoea. Kisha maisha yalimpeleka mbali, alipita kwenye madawa ya kulevya, akasimama tena na kufanya kazi ya ambulansi pale New York. Foto zake zilikaa miaka mingi bila dunia kuzijua, hadi kitabu kuhusu mwanzo wa hip hop ya Bronx kilipotoka mwaka 2007. Leo zinachungwa kwenye chuo kikuu cha Cornell.

Martha Cooper yeye alitoka nje. Alikuwa mpiga foto wa gazeti la New York Post. Mwezi wa kwanza 1980 alitumwa kwenye komisaria moja ya polisi kaskazini ya Manhattan, sababu walisema vijana wamekamatwa kwenye stesheni ya treni wakipigana. Vijana walikuwa wanajitetea: sisi tulikuwa tunacheza. Polisi wakawaambia waonyeshe, na wakaonyesha, pale pale, kichwa chini miguu juu. Cooper alielewa kwamba habari si ugomvi tena, akaanza kuwatafuta wachezaji. Nafikiria kisa hiki kila mara ninaposoma ripoti inayosema vijana fulani walikamatwa kwa "fujo". Bila mtu wa kuuliza swali la pili, historia ya mchezo huo, ambao mwaka 2024 uliingia hadi kwenye Olimpiki ya Paris, ingekuwa na mstari mmoja wa ripoti ya polisi.

Kuko tena Jamel Shabazz wa Brooklyn, ambaye namna yake ya kufanya naipenda zaidi ya wote. Alitembea barabarani na albamu ya foto zake mkononi. Mbele ya kupiga, anaongea na vijana, anawaonyesha alichofanya na wengine, anaomba. Alifanya pia kazi ya mlinzi wa gereza, kwa hiyo alijua vijana wanaweza kuishia wapi. Katika foto zake watu wamesimama wima, wamependeza, wanakuangalia machoni. Wamekubali.

Ghala la diski likageuka kuwa konseri

Sasa tuje kwenye konseri ambayo mpiga foto yeyote wa muziki angepaswa kuisoma. Mwaka 2014 DJ wawili wa California, DJ Shadow na Cut Chemist, walizunguka Amerika ya Kaskazini na konseri iliyoitwa Renegades of Rhythm. Walichopiga hakikutoka kwenye kompyuta. Walitumia diski za Afrika Bambaataa mwenyewe, mmoja wa DJ wakubwa wa Bronx, mtu wa Planet Rock ya mwaka 1982 na mwanzilishi wa Zulu Nation. Mkusanyo wake wa diski zaidi ya 40 000 ulikuwa njiani kuingia Cornell, kwenye ghala lile lile nililotaja. Yaani mbele ya diski kufungwa ndani ya kabati la chuo kikuu, zilipewa nafasi ya kupigwa mbele ya watu. Diski yenyewe, na mikwaruzo yake ya miaka arobaini.

Wengine watasema: DJ wawili wa California, na wazungu tena, wanafanya nini na urithi wa Bronx? Swali si baya. Jibu langu ni nusu. Wote wawili walikuwa wametumia maisha yao kutafuta na kujifunza diski hizo. Albamu ya Shadow ya mwaka 1996, Endtroducing, imejengwa karibu yote kwa vipande vya diski za watu wengine. Walijua thamani ya walichoshika. Lakini bado inabaki kwamba pesa ya kusafirisha ghala, taa, na meza ya platini sita haikutoka Bronx, na watu wa kwanza waliocheza kwenye diski hizo sidhani kama wengi walikuwa na uwezo wa kulipa mlango.

Kwa mpiga foto, konseri ya namna hii inabadilisha kazi. Siku nyingine diski ni kifaa, hapa diski ndiyo nyota. Unatakiwa kuonyesha kartoni yake iliyochakaa, jina lililoandikwa kwa mkono pembeni, vidole vinavyoishika kwenye ukingo kusudi isiguswe katikati. Na hapa kuko kichekesho kidogo: zamani DJ wa Bronx wangekufukuza. Herc alikuwa analowesha diski zake kwenye maji kusudi karatasi ya jina itoke, wapinzani wasijue anapiga nini. Mtindo huo ulitoka kwa watu wa muziki wa Jamaica. Mtu mwenye kamera karibu na sanduku la diski alikuwa mpelelezi. Leo tunampa kadi ya kuingia nyuma ya jukwaa.

Namna ya kupiga mtu anayeangalia chini

Hapa nitakaa kidogo, sababu vijana wengi wananiuliza na wengi wanafikiri shida ni kamera yao. Shida ya kwanza ni mahali pa kusimama. Mbele ya jukwaa, chini, unaona uso wa meza na paji la uso. Omba mbele ya konseri kusimama pembeni, upande wa mkono ambao DJ anafanyia skrachi, na ikiwezekana nyuma yake dakika kumi tu. Kutoka nyuma unapata vitu vitatu ndani ya foto moja: mikono, diski, na nyuso za watu. Foto zangu tisa zilizofaa, saba nilizipiga kutoka pale, wakati grupu ilizimika na nikapanda jukwaani kusaidia kushika tochi. Bahati ya mpumbavu.

Ya pili ni mwangaza. Flashi iache nyumbani. Inamwamsha DJ katika kazi yake, inang'aa kwenye diski nyeusi na kuacha doa jeupe, tena inaua rangi za taa. Konseri kubwa zenyewe mara nyingi zinakupa nyimbo tatu za kwanza tu, bila flashi, kisha utoke. Kwa DJ sheria hiyo haina akili, maana nyimbo zake haziachani, na saa nzuri ni ya mwisho. Tumia lenzi inayofunguka sana. Ile ya milimita 50 yenye f/1.8 ndiyo ya bei ndogo na inatosha. Pandisha ISO hadi 3200 bila woga. Chembechembe kwenye foto hazijamuua mtu.

Halafu vitesi. Wengi wanafikiri diski inazunguka haraka sana. Tupige hesabu: diski kubwa inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani digrii 200 kwa sekunde. Kwa 1/100 ya sekunde inakuwa imesogea digrii 2 tu, na utasoma jina lake kama limesimama. Kinachokimbia ni mkono. Skrachi ikiwa kali, 1/250 itaugandisha mkono, lakini utauona umekufa, sawa mkono wa sanamu. Mimi sasa napiga kwa 1/30: jina la diski linalainika kidogo tu, mkono unaacha moshi nyuma yake, na mtu anayeangalia anasikia sauti. Taa za LED nazo zina maringo. Ukipiga haraka zinakuachia mistari myeusi kwenye foto, hasa kwa telefone, sababu taa inawaka na kuzimika mara nyingi kwa sekunde bila jicho kujua. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo jaribu 1/50 ao 1/100 mbele ya kulaumu telefone.

Lakini foto ya tatu ambayo kila mtu anasahau ni ya watu. Kool Herc alianza sababu aliangalia wachezaji. Mpiga foto anayemgeuzia mgongo mchezaji ili apate DJ peke yake, amepiga nusu ya hip hop.

Wakati mzee wa kwenye foto anageuka swali

Kuko jambo ambalo sherehe nyingi za mizizi zinapita pembeni. Mwaka 2016 wanaume kadhaa walijitokeza hadharani na kumshutumu Afrika Bambaataa kwamba aliwatendea vibaya kimwili walipokuwa bado wavulana, miaka ya nyuma. Yeye alikana. Mwaka huohuo alitoka kwenye uongozi wa Zulu Nation. Konseri ya diski zake ilikuwa imepita miaka miwili mbele. Foto za konseri ile zimebaki zile zile, hakuna doa lililobadilika, lakini ukiziangalia leo unasoma kitu kingine. Diski ni zile, ngoma ni ile, na jina lililo kwenye bango limebeba uzito mwingine.

Mpiga foto afanye nini? Kufuta, hapana: konseri ilifanyika, na muziki ule ulifanywa na wengi. Kuendelea kuandika chini ya foto "baba wa hip hop, heshima" kama hakuna mtu aliyesema kitu, hapana vilevile, sababu mahali fulani kuko mwanaume mzima anayesoma maneno hayo. Maandishi ya chini ya foto yanaweza kuandikwa upya. Tarehe, mahali, nani alikuwa anapiga, diski za nani, na tunachokijua leo. Watu wa redio tunajua hilo vizuri: kusahihisha hakujatuondolea msikilizaji hata mmoja. Hapa kwetu nako kuko wazee wa muziki ambao foto zao tunaziweka ukutani bila kuuliza wasichana wa orkesta walipitia nini. Sitataja jina, sina ushahidi mkononi. Lakini swali halikwenda Bronx peke yake.

Kinshasa 1974, na sanduku lililokaa mbali

Sasa niwaambie kwa nini habari hii inatuhusu zaidi ya mapenzi ya muziki. Ngoma zilizokuwa zinazunguka kwenye platini za Herc mwaka 1973 nyingi zilikuwa za James Brown. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa 1974, James Brown mwenyewe alikuwa Kinshasa. Siku tatu, tarehe 22 hadi 24, yeye na B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz, Miriam Makeba, pamoja na Franco na Tabu Ley wetu. Ilikuwa ya kusindikiza pigano la Muhammad Ali na George Foreman, ambalo lilisukumwa hadi tarehe 30 mwezi wa kumi sababu Foreman alipasuka karibu na jicho. Kwa hiyo mzizi ule ule wa Bronx ulipita ndani ya inchi yetu, mbele ya watu wetu, na kamera zilikuwako nyingi.

Filme zile zilienda wapi? Zilivuka bahari. Zilikaa ndani ya masanduku kwa mambo ya pesa na ya mahakama. When We Were Kings ilitoka mwaka 1996, miaka 22 kisha pigano. Soul Power, ile ya konseri yenyewe, mwaka 2008. Na nyimbo za wanamuziki wa Afrika waliopiga kwenye siku zile zilingoja hadi 2017 kutoka kama albamu. Hesabu mwenyewe: mtu aliyekuwa na miaka 30 pale stade alikuwa na miaka 73 albamu ilipotoka, kama bado alikuwa hai. Sipendi kulia kila mara kwamba wametuibia. Waliopiga filme walikuwa na makaratasi yao na deni zao. Lakini ukweli ni kwamba kumbukumbu ya usiku wetu ilikuwa na ufunguo mfukoni mwa mwingine.

Tena si kweli kwamba sisi hatukuwa na jicho. Jean Depara, mzaliwa wa Angola aliyefika Kinshasa mwaka 1951, alikuwa mpiga foto wa Franco tangu miaka ya 50, na usiku alizunguka kwenye baa na flashi yake. Kama unataka kujua Kinshasa ya usiku ilivyokuwa, ni yeye. Alikufa mwaka 1997. Mwaka 2015 foto zake zilitundikwa Paris, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Paris zimepata ukuta. Mtoto wa Bukavu anayetaka kuziona anatafuta kwenye telefone, akipata mega.

Huku kwetu

Upande wetu wa mashariki, hip hop haikuja kwa bahati. Goma, tangu mwanzo wa miaka ya 2000, Yole!Africa ya Petna Ndaliko ilifundisha vijana kucheza, kurap na kushika kamera ndani ya lupango moja, wakati vita na volkano vilikuwa bado vinanuka. Festivali Amani ilianza 2014 na kujaza watu maelfu. Wapiga foto wa habari kutoka huku sasa wanajulikana mbali. Kwa hiyo macho tunayo, na muziki tunao. Kinachokosa ni ghala.

Sheria, kwa upande wake, haijatusahau kabisa. Ordonnance-loi nambari 86-033 ya mwaka 1986 inalinda kazi za watunzi, na foto iko ndani. Anayechukua foto yako na kuiweka kwenye bango la bia bila kukuuliza amekosa. Na Code du numérique ya mwaka 2023 inagusa upande mwingine, habari za mtu binafsi: uso wa mtu anayecheza ni wake. Lakini sheria inasaidia mwenye ushahidi, na wengi wetu tunatuma foto bila jina, bila tarehe, kwenye WhatsApp ambayo inaibana hadi inabaki kivuli. Kisha mwaka mmoja hata mwenyewe hujui ulikuwa wapi.

Na kuko woga, lazima tuuseme. New York, uso wa mtu ndani ya umati ni pambo. Hapa uso unaweza kuuliza maswali: huyu ni nani, alikuwa na nani, siku gani, kwa nini alifurahi. Mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia Goma, nilikaa chini ndani ya chumba na kufuta karte ya kamera na diski ya kompyuta. Foto zote 412, na nyingine za miaka mitano. Hazikuwa na kosa. Kulikuwa na vijana wanacheza, mama mwenye kuuza samosa kwenye mlango, mzee aliyelala kwenye kiti wakati wa Franco. Lakini sikujua nani atafungua mfuko wangu, wala nyuso hizo zitamweleza nini. Ningefanya tena hivyohivyo. Tangu siku ile, hata hivyo, ninapiga tofauti: ninaomba kwanza, sawa Shabazz, nikiona mtu hataki, ninapiga mikono na viatu, na nakala moja inatoka nje ya nyumba usiku uleule, kwa mtu ninayemwamini, na majina yameandikwa pembeni kwenye karatasi tofauti.

Yule DJ alihama. Diski zake aliziacha kwa shangazi, hazijaguswa, nasikia ziko chini ya kitanda zimefunikwa na kitenge. Miezi iliyopita alinipigia akiuliza foto za usiku ule, sababu anataka kuomba nafasi kwenye konseri moja na anaombwa aonyeshe amefanya nini. Nilimwambia ukweli. Tukatafuta kwenye telefone za watu, nikapata tatu ambazo nilikuwa nimewatumia marafiki mbele ya kufuta. Zimebanwa, ndogo, lakini ni za kutoka nyuma ya jukwaa.

Ya kwanza ni mikono yake na diski ya James Brown, jina linasomeka nusu. Ya pili grupu imezimika na watu wameinua telefone kumpa mwangaza. Ya tatu kuko msichana mwenye kucheza peke yake mbele kabisa, macho amefunga. Tumeuliza kila mtu aliyekuwako pale. Hakuna anayejua jina lake, kwa hiyo ile hatujaitoa.